Koti la Vifungo Sita

Kwa miaka ishirini na miwili nimechora sare za wanajeshi, na kama kuna watu wanaonitia kichefuchefu kuliko wanajeshi wenyewe, ni wanaume wanaozipenda sare zao. Huniandikia barua. Ni wazee waliostaafu kazi za benki na posta, hawajawahi kushika bunduki, lakini wanajaza kurasa nne kunikaripia kwamba katika kitabu cha mwaka juzi nilimpa koplo wa wapandafarasi mshono mwekundu, kumbe wake ulikuwa wa zambarau. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza yule koplo aliua nani. Nawajibu kwa adabu, nasahihisha mshono, kisha naenda kunawa mikono.

Watu huniambia basi acha. Niache nile nini? Hii ndiyo kazi ninayoijua, na naijua kupita kiasi. Najua kwamba kola ikipandishwa upana wa kidole kimoja, mtu analazimika kuinua kidevu, na akishainua kidevu anaanza kukudharau hata kama jana alikuwa anauza vitunguu. Najua mfuko wa kifuani ukikatwa mshazari, mwembamba anaonekana mpana. Ni hila tupu za kitambaa. Mimi ndiye ninayezichora na kuzipaka rangi, pua nimeikunja.

Tena kuna harufu. Huwezi kuchora koti usilolishika, kwa hiyo nimepita kwenye maghala ya makumbusho nikifunua masanduku yenye jasho la watu waliokufa zamani. Makavu nayavumilia. Sufu iliyolowa siiwezi. Siku moja paa la ghala lilivuja, makoti arobaini yakalowa, nikatapika ndani ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto mbele ya mkurugenzi. Nilidhani ni tumbo langu tu lina madeko.

Nyumbani tunaishi wawili, mimi na Mama. Amekaa kwangu mwaka wa tatu sasa. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona rangi na umbo la mtu lakini sura hazioni, kwa hiyo anatujua kwa sauti na kwa miguu inavyokanyaga. Chumba changu cha kazi hajawahi kuingia. Hata nikiacha mlango wazi, hupita akiwa ameshika ukuta wa upande wa pili. Nilikuwa nafikiri anaheshimu kazi yangu.

Jumamosi huja mdogo wangu. Ni fundi wa friji, na mtaani wanamwita Kifua kwa sababu kinatangulia kufika kabla yake. Koti likining'inia kwenye hanga halisemi kitu, linataka mgongo, linataka tumbo, linataka mtu wa kuchoka ndani yake, na mtu huyo ni Kifua. Ananisimamia saa tatu kwa malipo ya chakula cha mchana. Tatizo ni kwamba anafurahia. Akishafunga vifungo anajitazama kwenye kioo, anatoa amri kwa kabati langu, anapiga saluti. Na kila mara anaipiga kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa ndio anaotumia kwa kila kitu.

"Wa kulia, wewe," namwambia. "Jeshi gani umeona wanapiga saluti kwa kushoto?"

"Langu," anasema, na kuvuta tumbo ndani.

Wiki tatu kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, mke wa Kifua alijifungua mtoto wa kiume, baada ya wasichana watatu. Mama, ambaye haombi kitu, hata chumvi ikipungua hanyanyui sauti, aliomba kitu kimoja. Alitaka mtoto apewe jina la baba yetu.

Kifua alicheka kicheko cha pua. "Jina la yule mtoro? Mama, bora nimwite Friji."

Baba alitutoroka. Alifuata mwanamke na hakuangalia nyuma, mimi nikiwa na miaka minne na Kifua akiwa bado tumboni. Mama mwenyewe ndiye aliyetuambia, mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, nasi tukaitafuna habari hiyo kwa miaka arobaini na moja. Tulimchukia baba kwa bidii. Picha yake ya pekee niliichana nikiwa na miaka kumi na moja, na niliichana mbele ya Mama ili aone. Aliviokota vipande kimoja kimoja. Kwa hiyo Kifua alipokataa, nilikuwa upande wake kwa moyo wote. Fomu ya kumwandikisha mtoto ilitakiwa Jumatatu. Alikuwa akitembea nayo mfukoni, imekunjwa mara nne, mahali pa jina pakiwa wazi.

"Usithubutu," nilimwambia. "Hata akilia."

Mama hakulia. Aliuliza tena mara moja, siku ya Alhamisi, akaacha.

Wakati huohuo nilikuwa na kazi ya filamu. Mwongozaji wake nilimpa jina la Miwani Mbili, maana alivaa ya kusomea machoni na ya jua utosini, hata ndani ya nyumba. Alitaka jeshi zima la kubuni.

"Nataka jeshi ambalo halijawahi kuwepo," alisema. "Watu wasije wakasema nimewasema wao. Lakini liogopeshe. Na lipendeze."

"Liogopeshe au lipendeze?"

"Vyote. Mtazamaji atamani kulivaa, halafu ajione vibaya."

Nilimwona mchafu wa roho, na kazi nikaichukua.

Nina kabati la kadi, elfu sita na ushee, kadi moja kwa kila kitu: kola, mfuko, bega, mkanda, kofia, za majeshi yote niliyowahi kuyasoma. Nikibuni sare, napeleka kila kipande kwenye kabati. Kikifanana na cha jeshi lolote la kweli, nakitupa. Hiyo ndiyo fahari yangu katika kazi hii isiyo na fahari: cha kubuni kiwe cha kubuni kweli. Ile sare ilinijia kwa urahisi wa ajabu. Koti la sufu, rangi ya majivu yenye kijani kwa mbali. Kola fupi. Kamba ya filimbi ya manjano bega la kushoto. Vifungo sita vya shaba, vitatu juu, vitatu chini, na katikati pengo, kama jino lililong'oka. Nilipeleka kipande kimoja kimoja kabatini. Hakikufanana na chochote. Nilijipongeza kwa chai ya maziwa.

Fundi cherehani aliyeshona koti la majaribio aliugusa ule mstari wa vifungo kwa kidole.

"Mchoraji, hapa kimepungua kimoja."

"Hakijapungua. Ndivyo lilivyo."

"Hapana, dada yangu. Nimeshona miaka mingi. Nafasi hii ni ya kifungo. Mtu aliyekata koti hivi alikusudia saba."

"Mtu aliyekata koti hivi ni mimi," nikamjibu vibaya. Akaendelea kushona, lakini alitikisa kichwa mpaka nilipoondoka.

Miwani Mbili alipoona pengo lile karibu apige magoti. "Umelitoa wapi hili? Hili ni uchawi!"

"Kichwani," nilisema, na nilivimba kichwa hichohicho.

Jumamosi ile alikuja mchana kuliona koti mwilini. Kifua alishalivaa, na kofia, na buti, na kifua chake kilikuwa kimefika kwa jirani. Miwani Mbili alimzunguka mara mbili akiguna kwa raha, mkono ukipapasa mabega ya ndugu yangu kama mtu anayechagua ng'ombe. Nilikunja pua tena. Kisha akasema filamu ina mvua nyingi, anataka kulitazama koti likiwa limelowa.

"Si utaliona siku hiyo?" nilimuuliza.

"Nataka kuona rangi inavyogeuka. Una mpira wa maji?"

Tukatoka uani. Kifua alisimama katikati kama sanamu huku Miwani Mbili akimmwagia maji kuanzia mabegani, akisema "safi, safi". Majivu yakageuka karibu meusi, na kijani kikajitokeza. Lilipendeza, na ndilo lililonichukiza zaidi. Halafu harufu ikanifikia. Mate yakanijaa mdomoni, nikainama kwenye ngazi ya nyuma, kichwa katikati ya magoti.

"Dada naye, na tumbo lake la kizungu!" Kifua akacheka. "Ngoja nikuletee taulo."

Akaingia ndani kwa mlango wa jikoni, buti zikipiga sakafu. Mama alikuwa jikoni amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, anamenya viazi kwa kupapasa. Nilimsikia Kifua akisafisha koo, kisha akitoa ile sauti yake ya mbele ya kioo.

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

Alikuwa anatania. Ndugu yangu ni mtu wa masihara, hana baya.

Kiti kikaanguka. Nilinyanyuka, nikafika mlangoni nimejishika tumbo, na Miwani Mbili nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama wima. Ana magoti ambayo humchukua dakika nzima kumnyanyua, lakini alikuwa amesimama, mikono imebana ubavuni, kisu cha viazi amekiweka chini sakafuni mbali na yeye. Kifua alikuwa hatua moja ndani ya mlango, mwanga nyuma yake, maji yakimtiririka, harufu imejaa chumba.

"Nasimama, mkubwa," Mama alisema. "Nimeshasimama."

Kifua alivua kofia.

"Hayupo, mkubwa. Mlishamchukua." Ilikuwa sauti nyembamba, ya msichana, na sikuwahi kuisikia. "Makoti ya wiki hii bado hayajakauka. Lile lenye damu mkononi nimelirudia mara tatu, itatoka. Kifungo chako sijakiona. Nimechuja maji yote niliyofulia mpaka tope lake. Hakipo."

"Mama," Kifua akasema. "Ni mimi."

Mama aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Baadaye alituambia kwamba hata wale wanajeshi walikuwa wakimwita mama.

"Watoto hawajui kitu," akaendelea, haraka sasa, kama mtu anayeona mlango unafungwa. "Huyu mkubwa nimemwambia baba yake ametoroka na mwanamke. Muulize mwenyewe, mkubwa. Anamchukia. Hatamtafuta, hataulizia popote." Akaweka kiganja kwenye tumbo lake, tumbo la bibi wa miaka sabini na mmoja. "Na huyu wa humu nitamfundisha hivyohivyo. Watamchukia wote wawili. Nakuahidi."

Kifua alilivua lile koti kwa kulivuta juu ya kichwa kama shati, akalitupa chini, akapiga magoti kwenye maji yake mwenyewe na kuushika mkono wa Mama. Akauweka kwenye sikio lake la kulia, lililokunjika ncha tangu kuzaliwa. Mama alilipapasa. Alilipapasa tena. Kisha magoti yake yakakumbuka umri wake, na Kifua akamdaka kabla hajafika chini.

Nyuma yangu Miwani Mbili alishusha pumzi.

"Jamani," alinong'ona. "Hakuna aliyerekodi?"

Nilimgeukia. Macho yake yalikuwa na machozi kweli, na ndiyo maana nilizidi kumwona mchafu.

"Anaweza kurudia?" akauliza. "Siyo leo. Akishapumzika."

Nimewahi kushika soksi za watu waliokufa kwa kuhara, nimewahi kuchora mkanda wenye ngozi isiyojulikana ni ya mnyama au ya nini. Sijawahi kutamani kunawa kama nilivyotamani baada ya kumshika yule mtu ukosi wa shati. Nilimtoa kwa mlango wa mbele, miwani ya utosini ikaanguka barazani.

"Na koti?" alisema. "Na michoro?"

"Ulitaka jeshi ambalo halijawahi kuwepo. Hili limewahi. Katafute jingine."

Mama alituambia yote mchana uleule, amekaa kitini, akiwa na blanketi mabegani na kiazi mkononi alichokataa kukiachia. Kilikuwa kikosi kidogo, vijana wa hukohuko waliookotwa na kupewa bunduki, wakapiga kambi katika shule mwisho wa mtaa wetu. Hawakuwemo kwenye kitabu chochote, kwa sababu siku waliposhindwa walichoma kila kitu, karatasi na sare. Kabati langu la kadi elfu sita lingewajuaje? Mimi niliona kadi haipo, nikadhani nimebuni.

Wanawake wa mtaa walilazimishwa kuwafulia. Mama alikuwa anafua makoti yao uani, Baba alipokuja kuchukuliwa. Hakuwa mpiganaji wala nini, alikuwa mtengeneza redio, na mtu alisema redio zake zinasikiliza upande usiofaa. Walipomburuta alimshika mmoja wao kifuani. Kifungo cha nne kikang'oka, kikaruka, kikatumbukia kwenye beseni la Mama.

"Jumatatu yake lile koti likaletwa pamoja na mengine," Mama alisema. "Nilifue. Mwenyewe akasimama hapo, ananiuliza kifungo chake. Nikamwambia sijakiona. Kila Jumatatu anauliza, kila Jumatatu sijakiona."

"Na mimi nilikuwa wapi?" nikauliza, ingawa tumbo langu lilishajua.

"Wewe ulikuwa unanipa vibanio. Ulikuwa unajifunza kuhesabu. Makoti yakiwa kwenye kamba, unapita chini yake yanakudondokea, unahesabu vifungo. Mengine yote unafika saba. Lile moja unasema moja, mbili, tatu, hakuna. Halafu unaendelea. Nilikuwa naogopa watakusikia."

Niliingia chumba cha kazi. Ule mchoro ulikuwa mezani, rangi zimekaa vizuri, pengo limekaa vizuri. Nilikuwa nimeupaka kivuli pale katikati ili pengo lionekane. Niliutazama na nikajichukia, kwa picha niliyoichana, kwa "usithubutu", kwa chai ya maziwa niliyokunywa kujipongeza. Kisha nikarudi jikoni, maana sikuwa na haki ya kukaa peke yangu.

"Kwa nini hukutuambia baadaye?" Kifua alikuwa anauliza. Alikuwa bado amevaa suruali iliyolowa, yuko kifua wazi, na kifua kimeingia ndani. "Walipoondoka?"

"Mlikuwa wadogo, mngesema ovyo, na sikujua kama watarudi. Halafu mkakua." Mama alikigeuza kile kiazi. "Mkawa mmeshamchukia vizuri mno. Nilifanya kazi nzuri. Nikaona nitaanzia wapi kuifumua."

"Kile kifungo je?"

"Nilikizika nyuma ya bafu. Mwili hatukupewa. Nilichimba kwa kijiko, nikakiweka, nikalia kidogo, nikarudi kufua."

Kifua alikuwa anaitazama mikono yake, yote miwili, mezani.

"Alimshika kwa mkono gani?"

"Nani?"

"Baba." Sijawahi kumsikia akilitaja neno hilo bila kutema. "Alimshika yule mtu kwa mkono gani?"

"Wa kushoto," Mama alisema, kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Kila kitu alifanya kwa huo. Kwani wewe ulifikiri umeutoa wapi?"

Kifua aliingiza mkono mfukoni mwa suruali akaitoa ile fomu. Ilikuwa imelowa, imegandamana, akaifunua kwa ncha za kucha na kuilaza mezani juu ya maganda ya viazi. Nilimpa kalamu yangu ya kuchorea, nikamwekea kwenye mkono wenyewe. Aliandika polepole, ulimi nje, herufi moja moja. Wino ulitawanyika kidogo kwenye karatasi mbichi, lakini jina lilisomeka.